Chini ya Kapeti

Siku binti yangu alipovuta turubai kutoka juu ya gari la baba yake na kufungua mlango wa nyuma, kilichotoka mle ndani nilikipokea kwa tumbo kabla ya pua. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikashika kamba ya nguo, nikatema mate. Panya walikuwemo, hilo nililijua, maana nilikuwa nikiwasikia wakikwaruza kila nikianika nguo. Lakini panya peke yao hawanuki vile. Ilikuwa harufu ya kitu kilichofia ndani ya kitu kilicholowa, kisha mtu akafunga mlango.

Binti yangu ni fundi wa magari. Amezoea oili chafu na mikono iliyoungua, naye aliziba pua kwa mkono wa ovaroli. Mzee wangu alikuwa barazani kwenye kiti chake chenye mito, mkono wa kulia umejikunja kifuani, akitutazama. Yeye hakuziba pua. Alikuwa akiliangalia gari lake tu.

Miezi mitano kabla ya hapo Mzee alipata kiharusi. Kilimchukua upande mzima wa kulia, mkono na mguu, pamoja na maneno mengi. Machache yaliyobaki aliyatoa mojamoja, kama mtu anayechambua mchele. Mama wa mazoezi kule zahanati alitueleza bila kuzungusha: mkono ule bado unafunguka, ila ukikosa mazoezi miezi mingine miwili mitatu utakaza, na ukishakaza ndiyo basi, Mzee atalishwa mpaka siku zake ziishe.

Tulimpeleka mara mbili kwa teksi. Mara ya pili tumbo lilimchafuka njiani, akajiharibia kwenye kiti cha watu. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani ng'ambo kwamba gari lake si choo. Mzee alitazama dirishani njia nzima ya kurudi. Toka siku hiyo, teksi ikiitwa, alishika mguu wa kitanda kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyeweza kumbandua.

Na siku hiyohiyo, nyumbani, mimi nami nilimkosea. Nilipokuwa namsafisha nilibana pumzi, nikageuza uso kuelekea ukutani, nikaukunja vile uso unavyojikunja wenyewe. Sikukumbuka kwamba kioo cha kabati kilikuwa pembeni yangu. Nilipogeuka nilimkuta anatazama kioo. Alivuta shuka, akajifunika, akasema, "Wewe basi." Kesho yake akamtaka mdogo wake.

Basi shemeji yangu, mlinzi mstaafu, akawa anakuja kila asubuhi. Anamwogesha kaka yake huku akimpa habari za mpira, na akimaliza ananiachia beseni limesuuzwa na kufudikizwa juani. Hakuna aliyemwomba alisuuze. Anajua hali yangu.

Maana mimi nina kinyaa tangu nilipokuwa mtoto. Sinywi kwenye kikombe cha mtu. Nikipeana mkono na muuza nyama, mkono huo haugusi kitu mpaka uone maji. Wanangu walikua wakinukia sabuni hadi wenzao wakawatania shuleni. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu Mzee alinipa jina la Bi Sabuni, na kwa miaka arobaini na minne aliniita hivyo, akiwa na furaha, akiwa na hasira, akitaka chai. Tangu siku ya kioo hakuniita tena. Alikuwa akigonga kikombe kwa kijiko.

Tulipomuuliza ataendaje kwenye mazoezi ikiwa teksi hataki, alinyoosha kidole uani. "Langu," akasema.

Lilikuwa gari la zamani hata alipolinunua kwa mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu. Pua ndefu, taa za mviringo, usukani mpana kama sinia, kiti cha mbele kimoja kirefu cha kukaa watu watatu. Viti vyake vilikuwa rangi ya damu ya mzee, na watoto walikuwa wakicheka kwamba damu yenyewe ni ya baba. Miaka kumi na moja iliyopita alilirudisha jioni moja, akaliegesha chini ya bati, akasema injini imechoka. Hakuligusa tena wala hakutaka liguswe. Sasa binti yangu alikuwa amekaa na ile injini siku mbili, akabadilisha betri na mipira, akamwaga petroli iliyooza, na likanguruma. Alikuja jikoni akifuta mikono, akiwa na uso wa mtu aliyepunjwa.

"Mama, hii injini haikuwa na ugonjwa wowote," alisema. "Baba alilipaki kwa nini?"

Nilimwambia amuulize mwenyewe. Alimuuliza, naye baba yake akafumba macho kama aliyepitiwa na usingizi.

Mama wa mazoezi alikubali kutushikia nafasi siku ya Jumanne, siku kumi mbele, akasema akikosa hiyo atampa mwingine, kwa kuwa wanaosubiri ni wengi. Kwa hiyo injini ilikuwa nzima, na ndani hakukaliki. Siku kumi. Mimi ni mshonaji nguo, viti vya gari sijawahi kushona, nikamwita fundi makochi wa mtaani kwetu. Tunamwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na kwa sababu ulimi wake unachoma.

Sindano alinikuta nimevaa glavu pea mbili, moja juu ya nyingine, mifuko ya plastiki juu ya glavu, na kitambaa kilichochovywa maji ya limau kimefungwa puani.

"Bibi, tunatengeneza gari au tunafanya upasuaji?" akauliza.

Nikamwambia mgonjwa ameshakufa, tunamtoa tu mifupa.

Tulianza na kiti cha nyuma. Alilegeza nati kwa spana, tukakiinua mimi huku yeye kule, na kilipoachana na sakafu mende walitawanyika kama mtu amemwaga kunde. Mmoja alinipanda juu ya kiatu. Nilikiachia kiti kikaangukia mguu wa Sindano, na hakusema neno baya. Alisema tu kwamba mguu ule hakuwa akiutumia sana.

Kiti kilipofika uani tukakichana. Zamani hawakutia sponji, walitia nyuzi za makumbi ya nazi juu ya springi, kisha gunia, kisha pamba, kisha ngozi. Panya walikuwa wamekula pamba yote na kuyakojolea makumbi miaka kumi na moja. Yalikuwa yameshikana kama keki. Ukiyavunja, unatoka unga wa manjano unaokaa kooni. Katikati kulikuwa na kiota, na ndani ya kiota vitoto sita, vyekundu, havina nywele, macho bado yamefungwa, vinajinyonganyonga. Nilikwenda nyuma ya pipa la maji nikatapika chai yote ya asubuhi. Niliporudi Sindano alikuwa amekiondoa kile kiota, sijui amekipeleka wapi, na pale kilipokuwa alikuwa ametandika gazeti safi ili nisione doa. Sikumuuliza. Na ulimi wake ule, siku hiyo hakunitania.

Siku ya tatu tuliishusha dari. Dari ya gari hilo ni kitambaa kilichoshonewa vifuko virefu vyembamba, na ndani ya vifuko hivyo hupita waya zinazokishikilia juu. Nilivuta ukingo wa nyuma, kitambaa kikaachana mara moja kama karatasi iliyolowa, na kikaniangukia begani pamoja na vumbi, kinyesi kikavu kama mbegu za ufuta, na panya mzima aliyekauka, bapa kama soli ya kandambili, mkia wake umenyooka. Alinikaa begani. Sikuweza kupiga kelele. Nilisimama tu, macho nimeyafumba, nikisema taratibu, mtoeni, mtoeni, mpaka binti yangu akaja mbio kutoka jikoni akamtoa kwa koleo la mkaa.

Nilipofumbua macho nilimwona Mzee barazani. Alikuwa ameinama mbele, anataka kuinuka na hawezi.

Kinyaa kikizidi huwa kinageuka hasira, kwangu mimi ndivyo kilivyo. Siku zile niliposugua vishikio vya kuzungushia vioo, nilipochokonoa uchafu kwenye mishono kwa mswaki wa zamani, nilikuwa nasema, na nilikuwa nasema kwa sauti ya kufika barazani. Nilisema hili ndilo gari lililobeba kila mgonjwa wa mtaa huu. Mwanamke akishikwa na uchungu, wanagonga kwetu. Mlevi akianguka mtaroni, wanagonga kwetu. Nilisema, yule jirani wa kona, ile siku ya kipindupindu chake, alitapika kutoka kiti cha nyuma mpaka kwenye gia, na leo yuko wapi, amekuja hata kushika fagio? Nilisema, watu walipanda bure wakaniachia uozo wao. Mzee alikuwa akiangalia vidole vyake vilivyojikunja, akivigusa kimojakimoja kwa mkono mzima.

Ninaandika haya bila kujivunia.

Kuhusu kapeti, Sindano alilisema mapema. Siku ya pili tu alipiga goti, akaligonga kwa kiganja, akasema tulinyanyue tuone chini. Nilikataa. Nilimwambia kapeti hilo ndilo kitu pekee kisafi ndani ya gari zima, kwa kuwa mimi mwenyewe nililifua, baada ya huyo jirani wa kona, na nikifua mimi kitu kimefuliwa. Kwa kweli juu lilionekana zuri. Lilikuwa limeng'ang'ania sakafu, limepauka kidogo, basi. Sindano alinitazama, akasema, "Haya, Bibi, wewe ndiye mwenye gari." Akalipiga brashi akaliacha.

Tulifanya kazi nzuri, sitasema uongo. Zile ngozi za zamani nilizifumua mshono kwa mshono, nikaziosha, nikazitandaza mezani nikazitumia kama ruwaza ya kukatia ngozi mpya. Mifereji yake ya mishono ilikuwa upana wa vidole viwili, kumi na minne kila kiti, na mimi nikaishona kumi na minne. Cherehani yangu ililalamika kwa ngozi mpya, ikavunja sindano tatu, na Sindano akasema hiyo ni salamu kwake. Alinyoosha springi, akazifunga kwa kamba, akatandika gunia jipya na sponji ngumu. Dari niliishona kwa kitambaa cheupe cha maziwa, tukaivuta juu ya waya mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Shemeji, akishamaliza kumwogesha kaka yake, alikaa na ubao wa dashibodi mapajani, akiupiga msasa mwepesi, kisha mafuta, kisha kitambaa, mpaka mistari ya mti ikatokea kama siku ulipotoka kiwandani. Alikuwa akiupeleka barazani kila mara, Mzee aupapase, aseme kama bado.

Jumapili jioni, siku mbili kabla ya mazoezi, tulirudisha viti, tukafunga milango na vioo ili vumbi lisiingie, kama ninavyopenda mimi. Asubuhi ya Jumatatu, saa nne, jua limeshawaka, tulimleta Mzee ili alijaribu. Binti yangu mkono mmoja, baba yake mdogo mkono wa pili, Sindano akashika mlango.

Mlango ulipofunguka nilijua. Uvundo ulikuwemo. Umepungua ule wa panya, na uliobaki ulikuwa wa chini yake, mzito, mtamu kidogo, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika. Jua lilikuwa limeupika. Nikasema moyoni labda ni pua yangu. Lakini shemeji aliacha kuzungumza habari za mpira katikati ya neno, na binti yangu akatazama chini.

Tukamkalisha. Alipeleka mkono wa kushoto kwenye ule mfereji wa kwanza wa kiti, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Kisha nikaona pua yake inatanuka. Alishusha macho kwenye suruali yake, akajipapasa mapajani, akajipapasa chini yake, polepole, kama mtu anayetafuta funguo. Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza kunitazama usoni tangu siku ya kioo.

"Ni mimi?" akauliza.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilimwambia si wewe, baba, si wewe hata kidogo, ni gari. Akatikisa kichwa. Hakuniamini. Kwa nini aniamini, uso wangu alikwishauona. Akaanza kuutoa mguu wake nje kwa mkono, akasema, "Ndani. Ndani," akionyesha nyumba kwa kidevu, na tukamrudisha barazani. Binti yangu alipomtajia kesho aliushika mguu wa kiti, vilevile alivyokuwa akishika kitanda.

Nilisimama pale uani. Nilisikia hasira imeniishia yote. Nikamwambia Sindano, "Nyanyua kapeti."

Tuliondoa tena viti. Sindano aliingiza bisibisi bapa pembezoni mwa kapeti, akaling'oa kipande kwa kipande, na lilipoachia lilitoa mlio wa kunyonya, kama mguu unaotoka matopeni. Chini ya kapeti la gari la zamani kuna tandiko, mfano wa blanketi nene la vitambaa vilivyosagwa, la kuzuia makelele. La kwetu lilikuwa jeusi, linateleza. Lilikuwa bado na unyevu, miaka kumi na moja. Lilikuwa na funza weupe wembamba kama uzi, na ukungu wa kijani wenye manyoya. Sindano aliligeuza. Chini yake, kwenye bonde la sakafu ambapo maji hayana pa kutokea, palikuwa na uji. Uji mzito, wa kijivu, una rangi ya buluu kwa mbali. Alichota kwa ncha ya bisibisi, akasugua kwa dole gumba na kidole. Ukatoa povu.

Alininyooshea kidole chake kile chenye povu, wala hakuwa anatania. "Bibi," akasema, "haya si matapishi ya mtu. Hii ni sabuni."

Na ndani ya ule uji kulikuwa na brashi. Brashi yangu ya kufulia, yenye uzi mwekundu nilioufunga kwenye mpini ili nisiichanganye na ya chooni. Niliitafuta mwezi mzima mwaka ule. Nilimshuku mfanyakazi wa jirani.

Nilikumbuka kila kitu. Mzee alirudi kutoka kumpeleka yule mgonjwa wa kona, na mimi sikumngoja hata avue viatu. Nilijaza ndoo, sabuni ya unga nikaitia kwa kikombe, nikamwaga ndani ya gari kama mtu anayeosha sakafu ya nyumba. Ndoo kumi na mbili. Nilihesabu, kwa sababu nilijisifu nazo kwa majirani. Nikasugua, nikamwaga, nikainua pembe ya kapeti nikasugua na chini yake. Kisha nikafunga milango yote na vioo vyote, vumbi lisiingie. Baada ya wiki mbili Mzee alianza kuendesha akiwa amefungua vioo, hata mvua ikinyesha. Nilimwona, nikadhani anajidai. Baada ya mwezi injini ikachoka.

Nilivua kitambaa cha limau nikakiweka mfukoni. Nikaenda barazani nimeishika ile brashi, inachuruzika kwenye glavu. Nilimwonyesha.

"Ulijua?"

Upande mzima wa mdomo wake ulisogea.

"Muda mrefu," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitafuta neno. Niliona analitafuta, anaokota moja analitupa, anaokota lingine. Shemeji alitaka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono.

"Ungelia," akasema Mzee.

Alilipenda gari lile kuliko kitu chochote kisichokuwa na damu. Aliliweka chini ya bati miaka kumi na moja, akasingizia injini, akapanda mabasi na magoti yake mabaya, na siku zile tisa za kazi alikaa pale barazani akinisikiliza nikiwatukana wagonjwa wake kwa uozo niliouandaa mwenyewe. Na mimi kwake nilishindwa kuzuia uso kwa dakika tano.

Nilikaa chini, kwenye kizingiti, karibu na miguu yake. Nilimwambia maneno ambayo sikuyapanga. Nilimwambia kwamba kinyaa ninacho, na sitamdanganya kwamba kitaisha, nimezeeka nacho. Ule uso aliouona kwenye kioo huenda atauona tena kesho na keshokutwa, unakuja bila kuitwa, kama chafya. "Lakini utakuwa umekutazama wewe," nilimwambia. "Sitaupeleka ukutani."

Basi nikavua glavu, pea ya juu na pea ya chini, nikaziweka juu ya mapaja yake kwa sababu sikuwa na pengine pa kuziweka, nikarudi kwenye gari.

Sindano alisema aniletee koleo. Nilimwambia hapana, uchafu huu una mwenyewe. Niliingiza mikono mitupu. Ulikuwa wa baridi, hilo ndilo lililonishangaza, jua lile lote na bado baridi, unateleza katikati ya vidole, na humo ndani kuna vitu vidogo vinavyosogea. Nilijikaza kisabuni, na Sindano aliposikia nikilisema neno hilo alicheka mpaka akakaa chini. Nilichota viganja kwa viganja mpaka ndoo ikajaa. Nilitapika mara mbili, mara ya pili sikuwahi pipa, nikatapikia ndoo yenyewe. Kila nilipoinua kichwa Mzee alikuwa ananitazama, na sikuuficha uso. Alikuwa anatikisika mabega. Nilidhani analia. Binti yangu alikwenda kuangalia akarudi, akaniambia, "Mama, anakucheka."

Saa tisa tulikuwa tumefika kwenye bati la sakafu. Sindano alinifundisha namna: kitambaa chenye unyevu tu, kilichokamuliwa mpaka mikono iume, kisha kikavu, kisha kikavu tena. Maji ya siki kidogo. Ndoo alizificha, akasema hanikabidhi ndoo tena maishani. Milango yote minne ikawa wazi hadi jua lilipozama, nami nikakaa kwenye kigoda kuliangalia vumbi likiingia, bila kulifukuza. Tandiko jipya alilikata kwenye mabaki ya makochi yake dukani, na Jumanne alfajiri alikuja kulilaza. Hatukuwa na kapeti. Alitandika gunia safi.

Shemeji alipofika asubuhi hiyo na taulo lake begani, alinikuta mlangoni pa chumba. Nilimwambia apite jikoni anywe chai. Alinitazama, akamtazama kaka yake kitandani, ambaye shati lilikuwa tayari limeshavuliwa. Akaenda kunywa chai. Sitaeleza nilichokifanya humo ndani wala kilivyonuka. Nitasema tu kwamba kioo cha kabati kilikuwa palepale na hakuna aliyekitazama.

Binti yangu aliendesha. Mimi na Mzee tulikaa kiti cha nyuma, mahali ambapo kwa miaka yote ile sikuwahi kukaa, maana nilisema siwezi kukaa walipokaa wagonjwa. Gari lilinuka gundi na siki, na chini yake kabisa, ukitafuta, ule uvundo ulikuwepo bado, mwembamba. Sindano alisema utachukua mwezi. Vioo vilikuwa wazi.

Kwenye mzunguko wa karibu na zahanati binti yangu alikata kona kwa nguvu, na Mzee akacheua. Uji wa asubuhi ulimtoka pembeni mwa mdomo ulioanguka, ukapita kidevuni, ukadondoka juu ya mfereji wa tatu wa kiti kipya. Ulikuwa na vipande. Uso wangu nikausikia unajikunja wote, kuanzia paji mpaka kidevu. Alikuwa ananitazama. Nami nilikuwa namtazama.

Nikamfuta mdomo kwa mkono wangu, kisha nikatoa kitambaa nikafuta kiti.

"Bi Sabuni," akasema. Kisha akatafuta, akatafuta, tumeshaingia getini analitafuta bado. "Maji kidogo."

Mama wa mazoezi alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Mzee alimnyooshea ule mkono uliojikunja, ameuinua kwa ule wa kushoto, hata kabla hatujamshusha.